ANGESEMA TU, TUNGEMSAIDIA

Somo la vikundi vya kujisaidia: Upendo wa Kikristo na maandalizi ya watoto kwa Komunyo ya Kwanza

 

Pengine mtajiuliza: Komunyo ya Kwanza ya watoto yahusiana vipi na kikundi chetu? Sisi kazi yetu ni kuweka akiba, kupanda mikoko, kufuga kuku na kukopeshana. Mambo ya sakramenti si ya padre, katekista na walimu wa shule? Haya basi, tusikilize kwanza kisa, kisha tutaona kama hakituhusu.

LENGO LA SOMO

1. Kuona jinsi mtoto maskini anavyoweza kusukumwa nje ya sakramenti bila mtu yeyote kukusudia.
2. Kujua Kanisa linadai nini hasa kwa mtoto, na yapi ni desturi tulizojiwekea wenyewe.
3. Kuamua jambo moja ambalo kikundi chetu kitalifanya kabla ya sikukuu ijayo.

Muda: Vikao viwili, kila kimoja saa moja na nusu.
Vifaa: Biblia, karatasi kubwa, kalamu, daftari la hesabu la kikundi.

Kwa mwongozaji: Soma kisa polepole, mara mbili. Kama wapo wazee wasiofuata Kiswahili vizuri, mtu mmoja awasimulie kwa Kigiriama. Usiharakishe kutoa majibu. Hekima iko kwa watu.

SEHEMU YA KWANZA: TUTAZAME

Kisa cha kuzungumzia

(Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Hakimhusu mtu fulani, ila kila mmoja wetu atakitambua.)

Mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka kumi, akaa na hawe wake karibu na mikoko. Asoma gredi ya nne katika shule ya Kanisa. Tangu mwaka uanze hajakosa darasa la dini la Jumamosi. Sala zote azijua: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na sala ya kutubu. Katekista akimwuliza, "Katika Ekaristi twampokea nani?" hujibu bila kubabaika. Tena ndiye anayemshika mkono kila asubuhi mtoto wa jirani asiyeona vizuri, wakavuka barabara pamoja kwenda shuleni.

Wiki tatu kabla ya sikukuu, wazazi na walezi waliitwa kikao chini ya mwembe. Baba mmoja, mtu mwema na mwenye bidii, akasimama akasema: "Ndugu zangu, siku hii huja mara moja tu maishani. Watoto wetu wasionekane ovyo. Napendekeza wasichana wote wavae gauni jipya jeupe, shela, soksi na viatu vyeupe. Wavulana shati jeupe, suruali nyeusi na tai. Kisha kila mzazi atoe mchango wa keki, pilau, turubai na mpiga picha." Watu wakapiga makofi. Katibu akaandika. Hakuna aliyepinga. Hawe alikuwa ameketi nyuma kabisa. Naye pia alipiga makofi.

Jumapili ya sikukuu ikafika. Walioandikwa walikuwa watoto 31. Waliopanga mstari mlangoni mwa kanisa walikuwa 30. Katekista alipouliza akaambiwa: "Hawe wake aumwa mguu, mtoto ameachwa kumwangalia." Lakini jana yake tu, hawe huyohuyo alionekana akitoka bombani na mtungi wa lita 20 kichwani.

Jumanne yake kikundi cha akina mama kilikutana kama kawaida. Hawe ni mwanachama, lakini siku hiyo hakuja. Alikuwa na deni la mizunguko miwili, na mtu mwenye deni huona haya kukaa mbele ya wenzake. Mweka hazina akahesabu pesa za sanduku: shilingi 9,400. Habari za mtoto zikatajwa. Wote wakasikitika. Kisha mama mmoja akasema, "Jamani, angesema tu, tungemsaidia." Wengine wakaitikia, "Kweli, angesema." Wakaendelea na hesabu.

Maswali (makundi madogo ya watu wanne au watano)

1. Katika kisa hiki, ni nani aliyemzuia mtoto asifike mezani kwa Bwana?
2. Hawe alipiga makofi pamoja na wengine. Kwa nini?
3. Kwa nini hakusema?
4. Mambo kama haya yatokea kwetu? Wapi? Shuleni? Arusini? Kikundini?

Kwa mwongozaji: Wengine watasema, "Ni kiburi cha yule mama mzee." Usiwakatize. Waulize tu kwa upole: "Nani kati yetu amewahi kukaa nyumbani kwa sababu ya nguo au viatu, halafu akasema alikuwa mgonjwa?" Nyamaza kidogo. Mara nyingi watu watacheka kwanza, kisha mmoja ataanza kusimulia.

Tukimtafuta mtu mbaya katika kisa hiki hatumpati. Baba aliyependekeza nguo awapenda watoto. Wazazi waliopiga makofi walifurahi. Akina mama walisikitika kwa kweli. Wala pesa hazikukosekana, zilikuwamo sandukuni. Katekista alifundisha vizuri, na mtoto alijifunza vizuri. Yaani kila mmoja alifanya sehemu yake, na bado mtoto akabaki nyumbani.

Ugonjwa wa kisa hiki ni lile neno "angesema". Neno hilo lamtwika mzigo yule aliyeelemewa tayari. Ni sawa na kumwambia aliyeanguka kisimani, "Ungepiga kelele tungekutoa." Wahenga wetu walijua zaidi waliposema: Mgonjwa haulizwi uji. Ukimjia mgonjwa wamletea uji. Ukimwuliza kama autaka, atakuambia hapana, kwa maana ataka kukupunguzia taabu.

Tutazame pia majira

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pwani twapaswa kulitazama. Sehemu nyingi Komunyo ya Kwanza hutolewa majira ya Pasaka, au Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwisho wa Mei au mwezi wa Juni. Huku kwetu miezi hiyo ikoje?

Ni wakati wa mvua kubwa. Watalii wamepungua, na hoteli nyingi za Watamu na Malindi hufunga au hupunguza wafanyakazi. Pepo za kusi zavuma, bahari imechafuka, na mvuvi mwenye mtumbwi mdogo haendi mbali. Mahindi yako shambani, hayajakomaa, na yale ya mwaka jana yamekwisha au yakaribia kwisha. Tena shule zimefungua muhula wa pili. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bila karo tangu Januari 2003, lakini sare, madaftari na michango midogo midogo bado yamngoja mzazi.

Basi, sikukuu kubwa ya watoto yaweza kuangukia pale ambapo mifuko ya Dabaso ni mitupu kuliko miezi yote. Mchango ambao mwezi wa Desemba ungekuwa mwepesi, mwezi wa Juni ni jiwe. Baba wa kisa chetu hakuliona hilo. Sisi tumeliona?

SEHEMU YA PILI: TUPIME

Neno la Mungu latuambia nini?

Kila kundi dogo lichukue somo moja, lisome, kisha lije kueleza wengine kwa maneno yake.

Kundi la kwanza: 1 Wakorinto 11:17-34. Waraka huu uliandikwa miaka ya hamsini baada ya Kristo, nao una moja ya habari za kale kabisa tulizo nazo juu ya Karamu ya Bwana. Na Paulo aiandika kwa sababu gani? Kwa sababu ya ugomvi wa chakula! Wakristo wa Korinto walikutana, lakini wenye nacho walikula chakula chao bila kungoja, wengine hata wakalewa, huku maskini wakibaki na njaa. Paulo awaambia waziwazi kwamba wanapofanya hivyo, hiyo si Karamu ya Bwana tena. Wawaaibisha wasio na kitu. Dawa anayowapa ni nyepesi: mngojeane.

Kundi la pili: Yakobo 2:1-9. Watu wawili waingia kusanyikoni, mmoja ana pete ya dhahabu na nguo nzuri, mwingine ana nguo chafu. Yupi apewa kiti? Someni, kisha mwulizane: sisi kanisani kwetu twaketishaje watu?

Kundi la tatu: Yohana 2:1-11, arusi ya Kana. Angalieni jambo moja. Divai ilipokwisha, Injili haisemi kwamba mwenye arusi alimwendea Mariamu kuomba msaada. Mariamu aliona mwenyewe. Aliona kabla aibu haijawafikia wenye nyumba, akaenda kwa mwanawe kimyakimya. Wageni hawakujua kwamba kulikuwa na upungufu. Huo ndio upendo tunaoutafuta katika somo hili: upendo unaoona kabla ya kuombwa, na unaosaidia bila kupiga ngoma.

Kundi la nne: Mathayo 22:1-14. Hapa mtu mmoja atauliza, na ni vizuri aulize: "Mbona katika mfano huu mgeni asiye na vazi la arusi alitolewa nje? Si hapo Biblia yadai nguo nzuri?" Swali hili ni la zamani sana. Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 hadi 604, alilieleza hivi: vazi la arusi ni upendo. Mtu aweza kuwa na imani, akaingia kanisani, lakini kama hana upendo ameingia bila vazi. Naye Mtakatifu Augustino alikuwa amefundisha vivyo hivyo kabla yake.

Sasa turudi kwenye kisa. Siku ile ya sikukuu, ni nani aliyekosa vazi la arusi? Yule mtoto anayemshika mkono mwenzake kila asubuhi? Au sisi tuliompigia makofi katibu?

Kanisa linadai nini hasa?

Hapa wengi wetu hushangaa. Tumezoea kusikia "lazima", lakini lazima nyingine ni zetu wenyewe. Tuzitenganishe.

Zamani watoto walicheleweshwa. Sehemu nyingi walingoja hadi miaka 10, 12 au hata zaidi. Tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pio wa Kumi alitangaza kwamba mtoto aweza kupokea afikiapo umri wa kutambua, yaani kama miaka saba hivi, mradi ajue kutofautisha Mwili wa Kristo na mkate wa kawaida. Papa huyo aliona kwamba watu wazima walikuwa wameweka vizuizi ambavyo Yesu hakuviweka.

Sheria za Kanisa tunazozifuata leo ni za mwaka 1983. Zasema hivi kwa ufupi:

- Kanuni ya 913: Mtoto awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mazuri, aelewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake, na ampokee Bwana kwa imani na ibada. Mtoto aliye katika hatari ya kufa hadaiwi hata hayo yote, mradi autambue Mwili wa Kristo na kuupokea kwa heshima.
- Kanuni ya 914: Wajibu wa kumwandaa mtoto ni wa wazazi kwanza, na wale walio mahali pa wazazi, pamoja na paroko. Mtoto aungame kabla ya kupokea. Mwaona? Hawe ametajwa hapo! Mlezi si mgeni katika jambo hili.
- Kanuni ya 848: Mtoaji wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na wenye mamlaka, na aangalie daima kwamba maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.
- Kanuni ya 919: Anayepokea afunge kula saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa vyaruhusiwa. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo.

Gauni jipya limeandikwa wapi? Viatu vyeupe? Keki? Havipo. Hata msimamizi hadaiwi kwa Komunyo ya Kwanza. Wasimamizi ni wa Ubatizo na Kipaimara. Vazi jeupe lenyewe tulilipata siku ya Ubatizo, kama ishara kwamba tumemvaa Kristo (Wagalatia 3:27). Ni ishara nzuri, hatuitupi. Lakini ishara ya kuvikwa na Kristo haiwezi kugeuzwa kuwa kiingilio cha mlangoni.

Neno juu ya kufunga: Sisi wa Kilifi hatuwezi kupita hapa kimya. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti yetu hii, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto wengi, walioambiwa kwamba wakifa njaa watamwona Yesu. Tuwaambie watoto wetu waziwazi: Yesu haombi njaa ya mtoto. Kanisa ladai saa moja tu, tena maji si tatizo. Mtoto anayetoka mbali apewe uji asubuhi na mapema kabla ya Misa. Na mtu yeyote anayemfundisha mtoto kuacha kula, kuacha dawa au kuacha shule ili ampendeze Mungu, aripotiwe kwa chifu, polisi na paroko siku hiyohiyo.

SEHEMU YA TATU: SHULENI, UPENDO HUFUNDISHWAJE?

Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Xaveri alipita hapa Malindi akiwa safarini kwenda India. Alipofika Goa mwaka huohuo, alizunguka mitaani akipiga kengele mkononi ili kuwaita watoto na watumwa waje kujifunza dini. Hakungoja waje wenyewe, aliwaendea walipo. Tena aliwaita hata wale ambao watu hawakuwahesabu. Katekista wa leo asiye na kengele ana daftari la mahudhurio, na daftari hilo lamwambia nani hakuja.

Mtoto haelewi upendo kwa kukariri. Huuelewa kwa kuufanya na kwa kuona wakubwa wakiufanya. Walimu na makatekista wa shule zetu waweza kujaribu haya:

1. Kupatana kabla ya Kitubio. Wiki moja kabla ya maungamo, mwalimu asome na watoto Mathayo 5:23-24, pale Yesu anapomwambia mtu aache sadaka yake akapatane kwanza na ndugu yake. Kila mtoto afikirie ni nani amemkosea darasani, kisha amwendee kwa hiari yake. Mtoto asilazimishwe kutaja makosa yake mbele ya wenzake. Na akishaungama, mtu yeyote asimwulize amesema nini.

2. Chakula cha mchana. Katika Yohana 6 yumo kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Watoto wa Mida wawajua samaki, wataielewa habari hii upesi. Waulizwe: "Nani kati yetu hana chakula leo, na tutafanyaje bila kumwaibisha?" Mtaona kwamba watoto wana akili kutushinda. Watapendekeza wote waweke vyakula pamoja kwenye sinia moja, na hapo haijulikani nani alileta na nani hakuleta.

3. Kazi ya mikono. Watoto wakiwa wawili wawili au watatu watatu, kwa ruhusa ya wazazi, wamchotee maji mzee asiyejiweza au wamfagilie uwanja. Wakirudi darasani waeleze waliona nini. Hapo ndipo katekista awafundishe juu ya Yesu kuosha miguu ya wanafunzi katika Yohana 13. Somo litaingia.

4. Wenzao wa dini nyingine. Katika shule zetu wamo Waislamu na watoto wa madhehebu mengine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yalinda uhuru wa dini wa kila mtu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yampa mdhamini wa shule kazi ya kiroho huku akiheshimu imani za wengine. Kwa hiyo mtoto Muislamu asiingizwe darasa la sakramenti wala asitengwe michezoni kwa sababu hayumo. Mtoto anayejiandaa kumpokea Yesu kisha amdharau mwenzake wa dini nyingine, bado hajajiandaa.

5. Usalama. Masomo ya dini yafanyike mahali pa wazi, wakiwepo watu wazima wawili. Mtoto asiitwe peke yake nyumbani kwa mtu kwa jina la mafundisho. Hilo pia ni upendo.

SEHEMU YA NNE: TUTENDE

Kikao cha pili kianze hapa. Kikundi kisiamue mambo kumi. Kichague moja au mawili, kiyafanye. Haya ni mapendekezo:

Kwanza: Nguo za pamoja

Badala ya kila mzazi kununua gauni litakalovaliwa siku moja, kikundi chashona kanzu nyeupe za aina moja kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Zavaliwa juu ya nguo yoyote, hata sare ya shule, na huanguka karibu na miguu, hivi kwamba hakuna atazamaye viatu. Baada ya Misa zakusanywa, zafuliwa na kuwekwa kanisani kwa mwaka ujao.

Tupige hesabu ya mfano (tieni bei za dukani kwenu):

Watoto 30, kila mmoja mita 2 za kitambaa = mita 60
Mita 60 kwa shilingi 200 = shilingi 12,000
Ushonaji, shilingi 100 kwa kila kanzu = shilingi 3,000
Jumla = shilingi 15,000

Kanzu zikitunzwa vizuri zikavaliwa miaka sita, zitakuwa zimevalisha watoto 180. Yaani kama shilingi 83 kwa mtoto mmoja. Nazo shilingi 15,000 zapatikana vipi? Wanachama 25, kila mmoja akiweka shilingi 20 kwa wiki, kwa wiki 30, basi zimetimia. Mkianza mwezi wa Septemba, mtafika kabla ya Juni. Na cherehani si ziko vikundini? Shilingi 3,000 za ushonaji zabaki kwa mama zetu wenyewe.

Pili: Sufuria moja

Sikukuu si dhambi. Watoto wafurahi! Ila badala ya mchango wa pesa unaolingana, kila nyumba ilete ilicho nacho: mwenye nazi, nazi, mwenye muhogo, muhogo, mvuvi, samaki, asiye na kitu, kuni au mikono ya kupika. Vyote viingie jiko moja, na watoto wote wale pamoja, waliopokea na wasiopokea. Kama kuna mbuzi au kuku, achinje Muislamu, kama ilivyo desturi yetu njema ya pwani, ili jirani yeyote asishindwe kula. Keki ya mtoto mmoja mbele ya watoto 30 tuiache nyumbani.

Tatu: Mfuko wa kimya

Turudi kwa hawe na deni lake. Kikundi chaweza kutenga sehemu ndogo ya akiba kuwa mfuko wa kusaidiana. Chagueni watu wawili wanaoaminiwa na wasio na maneno mengi. Kazi yao si kungoja maombi. Kazi yao ni kuangalia: nani hajaja mara mbili? Nani amefiwa na bado alipa deni? Mtoto wa nani hakuonekana darasani? Wamtembelee, wakae, wazungumze, kisha wasaidie.

Wengine watauliza: "Pesa zikitolewa kimya, hazitaliwa?" Swali zuri. Tuseme hivi: jina la mtu ni siri, lakini pesa hazina siri. Katika daftari iandikwe tarehe, kiasi, sababu (kwa mfano "msaada wa masomo ya dini") na sahihi za wale wawili pamoja na mweka hazina. Kiasi cha juu cha kutoa kiamuliwe na mkutano wote. Kila miezi mitatu jumla isomwe mbele ya wanachama, bila majina.

Nne: Kikao cha wazazi kibadilike

Mwenyekiti asiulize, "Nani anapinga?" Maskini hapingi. Kabla ya kuamua mchango wowote, aunde makundi madogo, kila kundi lijadili, kisha kila mtu atie punje moja ya mahindi katika kibuyu: punje nyeupe kama aweza kiasi hicho, punje ya rangi kama hawezi. Zihesabiwe mbele ya watu. Punje moja ya rangi yatosha kupunguza mchango. Tukingojeana hivyo, twamtii Paulo.

Tano: Mtoto aliyekosa

Kama kwenu yupo mtoto aliyebaki nyumbani mwaka huu, asingojeshwe mwaka mzima. Katekista aongee na paroko. Mtoto aliye tayari aweza kupokea Jumapili yoyote, kwa nguo zake safi, pamoja na hawe wake. Kikundi kiende kimsindikize. Hapo ndipo jumuiya nzima itakuwa imejiandaa.

MASWALI YA KUMALIZIA

1. Ni "lazima" gani hapa kwetu ambazo si za Mungu wala za Kanisa?
2. Nani hayupo kwenye kikao chetu leo? Twajua kwa nini?
3. Tumechagua kufanya nini? Nani atafanya? Lini? (Katibu aandike, isomwe kikao kijacho.)

SALA (mmoja aongoze, wengine wanyamaze kidogo kila mwisho wa sentensi)

Bwana Yesu, umetualika wote kwenye meza moja. Utusamehe tulipoweka kiingilio mahali ambapo wewe hukuweka. Utupe macho kama ya mama yako kule Kana, tuone kabla ya kuombwa. Uwabariki watoto wetu wanaojiandaa, walimu na makatekista wao, na wazee wanaowalea wajukuu. Ulinde kila nyumba ya Dabaso, ya Wakristo na ya Waislamu, dhidi ya njaa na mafundisho ya uongo. Amina.

Basi ndugu, kikao kikiisha msitawanyike mara moja. Tazameni viti. Kama kuna kilicho wazi, wawili wenu wapitie kwa mwenyewe jioni ya leo, na wasiende mikono mitupu. Mgonjwa haulizwi uji.